Roma ya kale: yatima mwenye shamba na yatima asiye na kitu

Shikamooni wazee wangu, na nyie wengine habari za jioni. Nimeombwa niongee kuhusu yatima kwenye sheria za Roma ya kale, halafu nigusie na ile misaada ya serikali, ngano ya bure na hela za watoto. Nikasema sawa, maana haya mambo mawili watu wanayachanganya sana, wanadhani Roma ilikuwa na mfumo mmoja wa kuwatunza wasio na wazazi, kumbe ni vitu viwili vilivyokaa mbalimbali na havikuwahi hata kusalimiana. Kimoja kinashughulika na mali. Kingine kinashughulika na raia. Sasa yatima hohehahe, mtoto asiye na baba na asiye na kitu, yeye yuko katikati hapo na vyote viwili vinampita hivi hivi. Hilo ndo nalisema leo, mengine yote ni ushahidi tu.

Tuanze na usimamizi. Kwa Warumi mtoto akifiwa na baba, na babu mzaa baba naye kama hayupo, anakuwa anajitegemea kisheria hata kama ana miaka mitatu, yaani shamba ni lake, nyumba ni yake, watumwa ni wake, hakuna mtu juu yake. Mama haingii kwenye hesabu hiyo. Mama akifa baba akabaki, sheria haioni yatima hapo. Lakini mtoto wa miaka mitatu mwenye shamba lazima awe na mtu wa kumsimamia, na sheria zao za kwanza zilizoandikwa, zile za Mbao Kumi na Mbili, mwaka 451 na 450 KK, zilisema kama baba ametaja msimamizi kwenye wosia basi ni huyo, kama hajataja ni ndugu wa karibu wa kuumeni, baba mdogo, kaka mkubwa, na kuendelea.

Sasa jiulize huyo ndugu wa karibu wa kuumeni ni nani. Ndiye huyo huyo atakayerithi mtoto akifa! Yaani fisi kaachiwa bucha, na funguo kapewa. Msidhani Warumi walikuwa wajinga, walijua wanachofanya, fikra yao ya zamani ilikuwa kwamba anayesubiri urithi ndiye mwenye uchungu nao usipotee, na kwa upande wa mali wako sahihi kabisa, shamba litapaliliwa vizuri tu. Mwenye hatari ni mtoto. Baadaye sana wanasheria wao ndo wakaanza kusema pretori, yule hakimu mkuu wa mji, aangalie mtoto anakaa kwa nani, na hata kama baba mwenyewe aliandika mtoto alelewe kwa fulani, kama huyo fulani ndiye atakayerithi mtoto akifa basi hakimu afikirie mara mbili. Busara hiyo, ila imekuja baada ya mamia ya miaka.

Na tuelewane, msimamizi hakuwa mlezi. Kumlisha mtoto, kumlaza, kumfuta makamasi, hiyo ni kazi ya mama au bibi au yaya. Msimamizi kazi yake ni mali. Mtoto akiwa chini ya miaka saba, msimamizi anafanya kila kitu mwenyewe kwa niaba yake, akivuka saba mtoto anaweza kutamka maneno ya mkataba lakini msimamizi lazima awepo pale pale na kukubali, barua ya kesho yake haihesabiki. Inaisha binti akifika miaka 12 na mvulana akibalehe, na hapo kwa mvulana wanasheria walibishana karne na karne, wengine wanasema miaka 14 inatosha, wengine wanataka mtoto akaguliwe mwili aonekane kama amekomaa, mpaka Kaizari Justinian mwaka 529 akasema jamani acheni hiyo aibu, ni 14 basi.

Mama mzazi je, si angepewa tu yeye? Hapana, walisema hiyo ni kazi ya kiume. Ila mama alikuwa na wajibu wa kwenda kumwombea mtoto msimamizi, asipofanya hivyo yeye ndo anapoteza haki ya kumrithi mtoto. Yaani hafai kusimamia lakini anafaa kuadhibiwa kama hakuna anayesimamia. Mpaka mwaka 390 ndo Kaizari Theodosius anaruhusu mama mjane kushika usimamizi wa watoto wake, kwa sharti aape kwamba haolewi tena.

Haya, fisi tumemtaja, sasa niwape fisi mwenye jina. Mwanahistoria Livius anasimulia habari za mwaka 186 KK. Kuna kijana anaitwa Publius Aebutius, baba yake alikuwa mtu wa heshima, wa kikosi cha farasi. Baba akafa, wasimamizi nao wakafa, mtoto akabaki chini ya mama yake Duronia na baba wa kambo Titus Sempronius Rutilus. Huyu baba wa kambo kala hela. Livius anasema wazi kwamba aliuendesha usimamizi kiasi kwamba asingeweza kutoa hesabu, na kijana ndo huyo anakua, siku ya hesabu inakaribia. Sasa afanyeje? Akaona kuna njia mbili, kijana aondoke duniani au ashikwe na jambo ambalo litamfunga mdomo. Akamwambia mama amshawishi kijana aingie kwenye ibada za siri za Bacchus, mungu wao wa mvinyo, zile za usiku, ambazo watu walikuwa wananong'ona kwamba anayeingia harudi alivyokuwa.

Aliyemwokoa ni jirani yake wa mtaa wa Aventinus, mwanamke aliyewahi kuwa mtumwa na akawa anauza mwili, Hispala Faecenia, walikuwa wapenzi. Akamwambia we thubutu, mimi nimeziona hizo ibada, huko ni kuzimu. Kijana akagoma, nyumbani wakamfukuza, akakimbilia kwa shangazi yake Aebutia, shangazi akamwambia nenda kwa konsuli, kiongozi mkuu wa serikali. Mkasikia wenyewe kilichofuata, konsuli Postumius akafungua faili, seneti ikapiga marufuku ibada hizo Italia nzima, maelfu wakakamatwa, na tangazo la seneti limechongwa kwenye bamba la shaba ambalo lipo mpaka leo. Nyuma ya kashfa kubwa hivyo ya kidini na ya usalama, ukifukua chini kabisa, unakuta mtu mmoja aliyekula hela ya yatima na anaogopa kuulizwa ziko wapi.

Na ndani ya hadithi hiyo hiyo kuna kitu kidogo ambacho mimi nakipenda. Hispala, bwana wake wa zamani alipofariki, alienda kuomba apewe msimamizi (wanawake watu wazima nao walihitaji, hiyo ni hotuba nyingine), akaenda kwa pretori na matribuni, wale watetezi wa raia wa kawaida. Kwa hiyo wakati huo sheria ya Atilia ilishakuwepo, ile inayosema mtu akikosa msimamizi wa wosia na wa ukoo, pretori wa mji pamoja na wengi wa wale matribuni kumi wanamteulia. Hapo ndipo serikali inaingia. Majimboni kazi hiyo wakapewa magavana, na Kaizari Marcus Aurelius baadaye akaweka pretori maalumu ambaye shughuli yake ni usimamizi tu.

Sasa kwanini yule baba wa kambo aliogopa hivyo? Kwa sababu ya hesabu. Hapa ndipo Warumi walikuwa wakali kwelikweli, na mimi nawapa maksi zote. Usimamizi ukiisha, mtoto aliyekua anaweza kumfungulia msimamizi kesi, na msimamizi akishindwa halipi tu, anachafuka jina kisheria, nafasi za heshima kwenye jamii zinamfungia milango. Akithibitika kuiba kwenye hesabu analipa mara mbili, hiyo inatoka kwenye zile Mbao Kumi na Mbili. Na hata usimamizi haujaisha, anayeonekana ana mkono mrefu anaweza kushtakiwa aondolewe, na kesi hiyo anaweza kuifungua mtu yeyote, hata wanawake, mama, bibi, dada, yaya aliyemnyonyesha. Mahali ambapo mwanamke hana sauti kwenye mambo mengi, hapo alipewa mlango. Wakaongeza wadhamini, wakaongeza tangazo la Kaizari Severus mwaka 195 kwamba msimamizi haruhusiwi kuuza shamba la mtoto bila kibali cha hakimu. Wakapiga marufuku msimamizi kumwoa binti anayemsimamia au kumwozesha mwanawe, maana ndoa ilikuwa njia rahisi ya kuzika hesabu.

Matokeo yake mnayaweza kukisia. Watu wakaanza kuikimbia hiyo kazi. Sheria ikalazimika kuorodhesha nani anaruhusiwa kukataa: mwenye watoto watatu kama yuko Roma, wanne kama yuko Italia, watano kama yuko majimboni, aliyevuka miaka 70, ambaye tayari ana usimamizi wa watu watatu, mgonjwa, waganga na walimu wa miji. Ukisoma kurasa za sheria yao kuhusu visingizio unacheka, ni ndefu kuliko unavyotarajia.

Ila msidhani sheria nzuri inatosha. Mwaka 74 KK pretori wa mji alikuwa Gaius Verres, huyo huyo ambaye wakili maarufu Cicero alikuja kumshtaki. Kulikuwa na mkandarasi anaitwa Publius Junius, alikuwa na tenda ya kutunza hekalu la Castor pale katikati ya Roma, akafariki akaacha mtoto mdogo. Wasimamizi wa mtoto walikuwa wanataka kukabidhi hekalu, liko vizuri, halina hata ufa. Verres kaja kukagua, kaona kila kitu kiko sawa, akachanganyikiwa ale wapi, ndipo mpambe wake mmoja akamnong'oneza, mheshimiwa, dai nguzo ziwe wima kwa timazi, hakuna nguzo duniani iliyo wima kabisa kwa timazi. Kwa maelezo ya Cicero, Verres hakujua hata timazi ni nini. Basi akang'ang'ania nguzo! Wasimamizi wakahangaika, mpaka wakaenda kupiga magoti kwa hawara yake Chelidon, wanaume wazima wa ukoo wa heshima wamekaa sebuleni kwa hawara wa hakimu kwa ajili ya mtoto. Haikusaidia. Kazi ikatangazwa upya kwa sestersi 560,000 (sestersi ni sarafu yao), wakati wasimamizi wanapiga kelele kwamba wao wangeimaliza kwa 80,000, na anayelipa ni nani? Mali ya mtoto. Nguzo zenyewe zikashushwa na kurudishwa mawe yale yale, nyingine zikapakwa rangi tu. Kesi ilipokuja mwaka 70 KK yule mtoto akasimama mahakamani na vazi lake la kitoto pembeni ya baba yake mdogo anayetoa ushahidi, wakili wa Verres akalalamika kwamba wamemleta kutia watu huruma. Mwizi ni hakimu mwenyewe, huyo ambaye sheria inakutuma ukamlilie.

Sasa twende mbali na Roma kidogo, kwenye jimbo la Arabia, kusini mwa Bahari ya Chumvi, kijiji cha Mahoza, na hapa naomba mnivumilie maana ndo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Mwaka 1961 mwanaakiolojia Yigael Yadin na timu yake waliingia kwenye pango juu ya bonde la Nahal Hever wakakuta kifuko cha ngozi chenye nyaraka 35 zimefungwa vizuri. Ni faili la mama mmoja wa Kiyahudi, Babatha binti Simon. Alifiwa na mumewe, akabaki na mtoto wa kiume anaitwa Yesu (lilikuwa jina la kawaida tu kule), na mwaka 124 BK baraza la mji wa Petra likamteulia mtoto wasimamizi wawili, mmoja Mnabatea, yaani wa wenyeji wa Petra, anaitwa Abdobdas, mwingine Myahudi anaitwa Yohana mwana wa Egla. Nakala ya kumbukumbu za kikao hicho aliiomba akapewa, akaiweka kwenye kifuko.

Wasimamizi wakawa wanampa mama denari mbili (sarafu za fedha za Roma) kwa mwezi za matunzo ya mtoto. Babatha akasema haitoshi. Mwaka 125 mwezi wa kumi akawaita mahakamani kwa gavana Julius Julianus kule Petra, na hoja yake sio ya machozi, ni ya kibenki kabisa. Anawaambia: nyie mnampa mwanangu riba ya nusu denari kwa kila denari mia kwa mwezi. Nikabidhini hizo hela mimi, naweka mali yangu rehani, nami nitatoa denari moja na nusu kwa kila mia, mwanangu alelewe inavyostahili katika nyakati hizi zenye baraka za ugavana wa Julius Julianus. Ukipiga hesabu, denari mbili kwa riba ya nusu kwa mia maana yake mtaji wa mtoto ulikuwa kama denari 400. Kwa riba ya Babatha mtoto angepata denari sita kwa mwezi. Mara tatu! Na huyu mama alikuwa na mashamba ya mitende, rehani anayo kweli, sio maneno. Hajui kuandika, kaandikiwa na mtu mwingine, na yeye mwenyewe ili asimame kisheria ilibidi awe na mwanaume pembeni. Ila hesabu anaijua kuliko wote kwenye kile chumba.

Kifukoni mwake pia kuna nakala tatu za fomu ya kesi ya usimamizi, ile ile ya pretori wa Roma, imetafsiriwa kwa Kigiriki. Hebu fikirini, mama wa kijijini, sio raia wa Roma, amejipatia nakala ya kielelezo cha sheria ya mji mkuu uliopo upande mwingine wa bahari, sababu wasimamizi wa mwanawe hawataki kuongeza hela ya chakula.

Alishinda? Kuna risiti. Tarehe 19 Agosti 132, Babatha anakiri kupokea kutoka kwa Simon, mtoto wa yule Yohana, maana usimamizi ulishahamia kwa mwanawe, denari sita kwa miezi mitatu. Gawanya mwenyewe. Denari mbili kwa mwezi, miaka minane baadaye, hazijaongezeka hata senti. Mwaka huo huo vita vya Bar Kokhba, uasi wa Wayahudi dhidi ya Roma, vikaanza, na mafaili yakaishia pangoni.

Nimekaa kwa Babatha muda mrefu kwa sababu moja, huyo mtoto ana denari 400. Baraza la mji limekaa kikao kwa ajili yake, gavana amepelekewa malalamiko, wadau wamejaa. Sasa mtoto wa jirani yake ambaye baba yake alikufa akaacha jembe na deni? Kisheria naye anastahili msimamizi. Kivitendo nani atahangaika kwenda Petra kumteulia mtu asimamie jembe?

Mtasema labda huyo serikali ilimsaidia kwa njia nyingine, si kulikuwa na ngano ya bure. Haya tuione.

Ngano ilianza na tribuni Gaius Gracchus, mwaka 123 KK, kwa bei nafuu, asi (sarafu ndogo) sita na theluthi kwa kila modi (kipimo chao cha nafaka). Kuna kituko kinasimuliwa hapo. Mzee mmoja aliyewahi kuwa konsuli, Lucius Calpurnius Piso, aliipinga sheria ile kwa nguvu zote, ilipopita Gracchus akamwona kasimama kwenye umati anasubiri ngano. Akamuuliza mbele za watu, mzee vipi, si uliipinga? Piso akajibu kwamba mimi sipendi ugawe mali zangu kwa kila mtu, ila kama umeshaamua kugawa, na mimi naomba fungu langu. Kwa hiyo mnaona, hata konsuli mstaafu alikuwa na haki kwenye foleni. Haikuwa sadaka ya maskini hata siku moja. Ilikuwa haki ya raia.

Mwaka 58 KK tribuni mwingine, Clodius, akaifanya bure kabisa, modi tano kwa mwezi, kama kilo 33. Daftari likavimba, watu wakawa wanawaacha huru watumwa wao ili waingie kwenye listi na serikali iwalishe, mpaka Julius Caesar akakata majina kutoka 320,000 hadi 150,000, na chini ya Kaizari Augusto tunakuta kama 200,000. Augusto mwenyewe aliwahi kutamani kuifuta moja kwa moja, akaghairi, akasema nikifuta mimi atakuja mwingine airudishe kwa kutafuta umaarufu. Siasa ni ile ile.

Nani yuko kwenye daftari? Wanaume raia wanaoishi Roma. Mjane hayupo. Kwa hiyo baba akiwa hai nyumba inapata kilo 33 kila mwezi, baba akifa, siku hiyo ambayo nyumba inaihitaji ngano kuliko siku zote, jina linafutwa, nafasi inakwenda kwa mwingine. Sheria haikufanya hivyo kwa roho mbaya, ilikuwa tu haimuoni. Kaizari Trajan alikuja kuongeza watoto kwenye mgao, mwandishi Plinio anasema wanakaribia 5,000, na anaeleza bila kificho ni kwa nini: wakue wawe nguvu ya vita na pambo la amani. Askari wa kesho.

Na Trajan huyo huyo ndiye aliyesimamia mpango mkubwa wa hela za watoto Italia, na huu tunaujua kwa undani wa ajabu sababu ya bamba moja la shaba lililochimbuliwa shambani Veleia, kaskazini mwa Italia, mwaka 1747. Kubwa, karibu mita tatu kwa upana, na nusura lipotee maana lilikatwa vipande likaanza kuuzwa kama chakavu. Utaratibu wake ulikuwa hivi. Kaizari anatoa mtaji, anawakopesha wenye mashamba, wao wanaweka ardhi rehani, kila mwaka wanalipa riba asilimia tano, na riba hiyo hairudi kwa Kaizari, inakwenda kwa watoto wa mji huo. Kwa mfano Gaius Volumnius Memor na mwenzie waliandikisha ardhi ya sestersi 108,000, wakapewa mkopo wa 8,692. Riba yake kwa mwaka ni kama sestersi 434, ambayo ni wavulana wawili na chenji. Mimi nikiangalia mfumo huu navua kofia kabisa, hauli mtaji, hautegemei bajeti ya mwaka, na mkopaji akizingua shamba liko pale pale haliwezi kutoroka.

Jumla ya mtaji ni sestersi 1,044,000, riba 52,200. Wavulana 245 wa ndoa, sestersi 16 kwa mwezi kila mmoja. Wasichana 34 wa ndoa, sestersi 12. Halafu mvulana mmoja wa nje ya ndoa, 12, na msichana mmoja wa nje ya ndoa, 10. Jumlisheni nyumbani, inakaa sawasawa, haizidi wala haipungui.

Wale wawili wa mwisho huwa nawafikiria sana. Mmoja mmoja, kama vile ofisi iliambiwa weka na wale, basi wakaweka. Na wasichana 34 kwa wavulana 245, hapo sitaki mtu aniambie Veleia walizaliwa wavulana tu, ni kwamba familia ilikuwa inaandikisha mtoto mmoja na ilichagua anayelipwa zaidi, au ofisi ilichagua, sijui nani alianza ila matokeo ni hayo. Bamba limeuliza jinsia, limeuliza ndoa. Baba yuko hai au amekufa? Halijauliza. Yatima hakukatazwa, naomba nieleweke, inawezekana kabisa kati ya hao 245 kulikuwa na mayatima, ila uyatima haukumpa mtu pointi hata moja. Nendeni mkaangalie picha ya lango la Trajan kule Benevento, kwenye mchongo wa mgao huo watoto wamebebwa mabegani na baba zao. Hata kwenye tangazo la serikali mtoto anayesaidiwa ni mwenye baba.

Watu binafsi walifanya pia. Plinio kule kwao Como alitoa ahadi ya sestersi 500,000, na kwa kuwa alijua hela taslimu za halmashauri huliwa, akaandikisha shamba kwa mji kisha akalichukua tena kwa kodi ya 30,000 kwa mwaka, milele. Caelia Macrina kule Tarracina, aliyefiwa na mwanawe, aliacha milioni moja kwa wavulana 100 na wasichana 100, na hapo idadi ilikuwa sawa sababu aliyeandika ni mwanamke, nadhani mimi. Na huku kwetu Afrika, Sicca Veneria, leo ni El Kef nchini Tunisia, Licinius Papirianus aliacha 1,300,000 kwa mamia ya wavulana na wasichana, kuanzia miaka mitatu. Wasichana bado walipewa kidogo kuliko wavulana lakini angalau wamo. Ni michango mizuri yote hiyo. Bado hakuna anayesema yatima.

Basi yule asiye na kitu alikwenda wapi? Ndugu walimchukua, wengi. Wengine walitupwa au kuokotwa, wakakuzwa kama watumwa. Plinio akiwa gavana wa jimbo la Bithynia alimwandikia Trajan kuuliza, hawa waliozaliwa huru wakaokotwa, wakidai uhuru wao inakuwaje? Trajan akajibu wasizuiwe, na wasilipishwe gharama za kulelewa. Jibu la kiungwana, ila ni la mtu aliyekua tayari na anayeweza kuthibitisha alizaliwa na nani. Mwaka 315 Constantine akaagiza Italia kwamba mzazi asiyeweza kumlisha mwanawe apewe chakula na nguo haraka, maana mtoto mchanga hasubiri. Mzazi tena!

Anayemtaja kwa jina lake, yatima maskini, ni sheria ya Kaizari Leo, mwaka 472, Constantinople, wakati Wakristo walishajenga nyumba za mayatima. Sheria inawapa wakuu wa nyumba hizo madaraka ya usimamizi juu ya watoto waliokosa, nanukuu maana yake, wazazi na mali. Baada ya miaka mia tisa na zaidi toka zile Mbao Kumi na Mbili, hatimaye kaonekana. Halafu sheria inaendelea: mali yoyote anayokuja nayo mtoto ipokelewe mbele ya maofisa, iandikwe, ila hao wakuu hawatatoa wadhamini, na hawatadaiwa hesabu za usimamizi, sababu ni uonevu kuwasumbua kwa hila watu wanaolea watoto kwa kumcha Mungu.

Yaani silaha yenyewe, kudaiwa hesabu. Ile ambayo Rutilus aliiogopa mpaka akataka kuua, ile ambayo Babatha aliinakili mara tatu, ndo hiyo waliyoiacha nje siku walipomfungulia mlango mtoto asiye na kitu. Justinian aliiingiza kwenye mkusanyo wake wa sheria kama ilivyo.

Nimemaliza muda wangu, naona mwenyekiti ananiangalia. Karibuni maswali, na ambaye kajumlisha zile za Veleia aanze yeye.